Sentensi Moja Niliyoimeza Baharini

Nichukieni tu. Kosa ni langu, na sitaki mtu aniambie pole.

Mimi hutafsiri mahubiri kanisani kwetu Sultan Hamud. Mgeni akihubiri kwa Kiingereza, nasimama kando yake nikirudia maneno yake kwa Kikamba. Watu hunisifu, nami sifa nazipenda kupita kiasi!

Katika shindano la kampuni ya rangi, duka langu la rangi na misumari lilishinda likizo ya watu wawili Pwani. Mke wangu anaogopa bahari, kwa hivyo nikaenda na kaka yake, Mutuku, mtu wa kulima kwa ng'ombe, aliyeacha shule darasa la tatu. Mzungu mmoja alitufundisha kupiga mbizi na mitungi ya hewa kwenye miamba ya matumbawe. Kila neno lake lilipitia kwangu.

Jumamosi asubuhi tulizama mara mbili. Samaki wa kila rangi, kasa wakipita karibu uwaguse! Mutuku alitoka majini akicheka hadi machozi.

Ndipo mzungu akaniambia tusirudi nyumbani siku hiyo. Kwetu ni juu, gesi iliyobaki mwilini ingetudhuru tukipanda. Tulale hapo kwanza.

"Amesemaje?" Mutuku akauliza.

"Anatutakia safari njema."

Kesho yake kanisani kulikuwa na mhubiri mgeni, na sikutaka mtu mwingine ashike maikrofoni yangu. Ni hilo tu! Hakuna sababu nyingine.

Tukashika barabara. Tulipofika Mtito Andei, Mutuku akaanza kujikuna. Tulipofika Emali akasema, "Shemeji, miguu siisikii." Nikamwambia ni uchovu. Asubuhi mke wangu alimpeleka hospitali, mimi nikaenda kutafsiri. Tena nilitafsiri vizuri!

Sasa Mutuku anatembea kwa magongo mawili; mimi sikupata hata mwasho. Ng'ombe wa plau waliuzwa. Kanisa lilikemea majini ya baharini yaliyomkamata, nami nikaitikia amina kwa sauti. Mnafiki mkubwa!

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikamwambia ukweli. Aliegemea magongo yake.

"Pastor sitamwambia. Hata dada yangu sitamwambia. Lakini kila Jumapili nitakaa benchi ya mbele, nikuangalie huo mdomo."

Na anakuja. Jumapili iliyopita, katikati ya mahubiri, aliinua gongo akauliza kwa nguvu, "Amesemaje?"

Watu walicheka. Nilikuwa nimetafsiri kila neno, lakini sikuweza kuendelea.

Wewe unayesemea watu wasiojua lugha, sema yote, hata lile lisilokufaa. Lisipokutoka siku hiyo, utaulizwa mpaka uzeeke.