Barua Iliyobaki Chini ya Kanga

Kaka yangu alipofariki kwa ajali ya pikipiki njia ya Mwandiga, mama alikataza kitu chake chochote kuguswa mpaka arobaini ipite. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Ujiji. Viatu vyake vikakaa mlangoni, shati likabaki msumarini. Kompyuta aliyoiacha wazi mezani mama aliifunika kanga vile vile ilivyo, na hakuna aliyefikiria kuizima. Mchana wa siku ile ile ya ajali, mapazia yamefungwa, niliona mwanga ukipenya kwenye maua ya kanga, kama mtu aliyejifunika shuka akisoma. Niliporudi kupita, giza. Chaji imekwisha, nikajiambia. Ila nilipita upesi.

Humo ndani mlikuwa na barua ya mama. Asubuhi ya ajali alikuwa akitamka na kaka akiandika, maneno ya kumwomba radhi dada yake mkubwa aliyeko Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa bibi. Sasa mama mkubwa alikuwa mgonjwa, na mwanamke mmoja wa huko anayekuja kufuata dagaa ufukweni Kibirizi alikubali kuivusha barua.

"Si useme tena, mama, mimi niandike kwa mkono?"

Mama akatikisa kichwa. "Yalitoka mara moja, mwanangu. Zile zilikuwa nguvu za siku ile."

Tena hakutaka mtu wa nje ayaone. Basi ikabidi nijifunze mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia kidato cha pili, lakini kichwani nina duka la magauni ya harusi lenye vioo mpaka chini, kwa hiyo sikuona kwa nini kompyuta inishinde. Arobaini ilipopita nikaibeba mpaka mtaa wa Mwanga, kwa rafiki yake kaka mwenye duka la fotokopi.

Ikanishinda. Kaka alikuwa akiandikia kwenye ukurasa mweusi mtupu, hauna picha ya kubonyeza. Tulifungua faili la mazoezi. Nikagusa d mara mbili, mstari mzima ukatoweka.

"Jamani, nimeharibu!"

"Bonyeza u."

Mstari ukarudi.

"Kumbe ni kufumua tu!"

"Haya, fundi. Programu hii haikuandikii mpaka uiambie. Bonyeza i, ndipo uandike. Ukimaliza, Esc, kitufe cha kutorokea. Nukta mbili na w, unahifadhi. Nukta mbili na q, unatoka."

"Na nikichanganyikiwa?"

"Esc. Mimi hata nyumbani, mke wangu akianza, huwa naitafuta siioni."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku tatu nikaandika majina ya vitambaa na kuyafuta, mpaka vidole vikazoea.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, nikaketi kwenye kiti cha kaka, mama pembeni yangu. Nikafungua faili. Barua haikutokea. Yalitokea maneno ya Kiingereza, katikati jina la kaka, na saa: asubuhi ile ile ya ajali. Nikampigia rafiki yake, nikamsomea herufi kwa herufi yale nisiyoyajua.

"Inasema huenda kuna mwingine anaandika humu sasa hivi," akasema.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akageuka kutazama mlango.

"Msiogope. Hakufunga, chaji ikaisha yenyewe, ndiyo maana alama yake imebaki. Barua imo ndani ya hiyo alama. Bonyeza R, itarudi. Usiguse D. D inafuta."

"Lakini D iko hapo hapo chini ya R!"

"Basi tumia kidole kimoja, fundi."

Nikashika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikabonyeza R.

Ikaja. Nikamsomea mama yote, naye alilia kimya kimya, akiitikia kila sentensi kama anayeitwa. Kaka aliandika hata yasiyohusu barua, ndiyo ilikuwa michezo yake. Mstari wa mwisho ulisema: *Mama kanyamaza. Anasikiliza mlango. Anauliza nani anagonga. Naenda kutazama.*

"Niligongewa kweli," mama akasema taratibu. "Alirudi akaniambia hakuna mtu. Hapo hapo simu yake ikaita, akatoka."

Mama hakuwa amemwambia yeyote habari ya mgongaji huyo.

Nikahifadhi. Barua niliinakili kwa mkono, bila ule mstari, na kesho yake ikavuka ziwa. Wiki haikuisha mama mkubwa akapiga simu. Waliongea mpaka salio likaisha.

Nilipofungua tena faili, maneno yale yale: huenda kuna mwingine anaandika humu. Rafiki yake kaka akanieleza kwamba alama haiondoki yenyewe, lazima mtu aifute.

"Sasa bonyeza D, umemaliza."

Nilimuuliza mama kama niifute. Akakunja kanga, akaiweka juu ya meza.

Sijaibonyeza. Siku nikimkumbuka nafungua, nasoma jina lake na ile saa, halafu nabonyeza O, ambayo ni ya kusoma tu. Nasoma polepole, mikono mapajani, nisije nikamkatiza.