Breki, Rangi na Mtungi wa Maziwa

"Breki ya mbele inashika?"

Nilimuuliza muuzaji mara mbili pale Bomet, nikichagua kati ya pikipiki mbili za mbio zenye injini ya cc mia sita, zilizokwisha kutumika, nyekundu na nyeusi. Leseni ni yangu, pesa ni zangu, na shingo itakayovunjika ni yangu. Muuzaji akamgeukia mjomba wangu aliyenisindikiza: "Mzee, huyu msichana anapenda rangi gani?"

Mjomba akafunga mtungi wake wa maziwa kwenye kiti cha nyuma cha ile nyekundu, kilichoinuka kama mkia wa jogoo. Ukaanguka. Akajaribu nyeusi. Ukaanguka.

"Hizi zote ni mbovu. Maziwa itakaa wapi?"

Muuzaji akaitikia kwa huzuni, akamletea ya boda boda, yenye keria ya kubebea mizigo nyuma.

Ndugu muuzaji, ukisoma haya, nijibu kuhusu breki.