Mguu wa Pili wa Mama

Kuchora hina nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu mikono yangu. Hakuna aliyenifundisha, ndiyo maana kila kosa naliona langu peke yangu. Ua likifika ukingo wa nguo, naipandisha nguo na kulimalizia ndani. Wateja hunicheka: "Nani ataona huko?" Kweli, hakuna. Jicho likikuta ua limeingia chini ya nguo, hulimalizia lenyewe, wala halijui kwamba limebuni.

Hilo ndilo nililomwambia mama alipotoka hospitali, sukari ikiwa imemwachia mguu mmoja. Wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Dada yangu alikuwa anaolewa hapa Bagamoyo, na mama hakutaka watu wa bwana harusi, wa Pangani, wajue siku ile.

"Watasema tumewaoza nyumba ya maradhi. Wakijua baadaye, sawa. Siku ile waniache niwe mama wa bibi harusi tu."

Nikamtuliza. Angekaa mkekani kabla ya wageni, mguu kaunyoosha, khanga imefunika mapaja hadi chini ya magoti. Wanawake wengi hukaa hivyo, mmoja wamenyoosha, mmoja wamekunja. Tulipojaribu, hata mimi niliuona ule wa pili umekunjwa chini ya khanga. Niliuona kabisa. Ikabidi nitazame pembeni.

Alasiri ya kuamkia harusi nikampaka hina. Miguu huwa naichora ikiwa imebanwa pamoja, nusu ya ua huku, nusu huku. Mkono ukafuata mazoea. Nikachora nusu safi, ikaishia ubavuni mwa mguu, upande wa ndani. Nilifurahi ilivyotoka. Sikushtuka.

Kesho yake wageni waliingia kwa vigelegele. Shangazi wa bwana harusi, mama mcheshi, akakaa karibu na mguu wa mama, akainama.

"Mkwe, ua zuri! Mbona umetupa nusu? Lete na mwenzake tuone likikutana."

"Mwenzake kalala," mama akajibu, akitabasamu.

"Mwamshe basi! Au tunaona kwa kiingilio?"

Wanawake wakaangua kicheko, na yeye, kwa utani tu, akaifunua khanga.

Akairudisha taratibu, akaitandaza vizuri kuliko nilivyoitandaza mimi. "Nisamehe, mkwe." Uani, ambako hawakuona, vigelegele viliendelea. Mama naye aliendelea kutabasamu, mpaka nikatamani aache.

Walipoondoka akaniita nije na ndimu na brashi.

"Itoe."

"Mama, hina haitoki hivyo."

"Wewe sugua."

Mwenyewe hakuweza kuinama hadi unyayoni bila kuanguka. Nikaupakata mguu wake, nikasugua. Ngozi ikaiva, ua likabaki vilevile. Ndipo nikakumbuka daktari alivyotuonya: huu uliobaki usipate hata mchubuko. Nikaweka brashi chini.

"Sugua," mama akasema.

Nikaushika tu.