Jiwe Tulilolibeba Mgongoni

Nilipokuwa mtoto, umri wa kuchota maji na kidumu kidogo, nyumbani kwetu Lizaboni hapa Songea tulikuwa na jiwe tunaliita Mtoto. Ukubwa wake kama ngumi mbili. Bibi mzaa mama alilitunza sandukuni chini ya kitanda, limeviringishwa kanga kuukuu.

Lilitoka kwa bibi yake Bibi. Huyo alichukuliwa utumwani, akaswagwa kwenda pwani na kichanga mgongoni. Wenye msafara wakaona mtoto anamchelewesha, wakamtupa porini huku analia. Mbele kidogo, kwenye kijito, mama yule akaokota jiwe, akalifunga mgongoni, palepale mtoto alipokuwa. Alipotoroka, alirudi nalo.

Basi likaenda kwa binti, na binti wa binti. Mahindi mabichi yakitoka, Bibi analiogesha, analipaka mafuta ya nyonyo, halafu tunalibeba kwa zamu, wanawake tu. Aliniambia, "Usimwangushe. Huyu akilia, nyumba inapoteza mtoto."

Miaka hiyo ndiyo ruksa ya biashara imeingia, mitumba imejaa sokoni, vijana wanakimbilia Tunduru kwenye madini. Mjomba Longino, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, alirudi kutoka huko amekonda, hana kitu, maneno yake mawe tu. Akaniletea viatu vyekundu vya mtumba. Nilifurahi mno, nikataka na mimi nimpe kitu.

"Mjomba, hata sisi tuna jiwe. Likipakwa mafuta linang'aa kijani."

"Acha uongo wewe."

"Haki ya Mungu! Liko kwenye sanduku la Bibi."

Jumapili tunatoka kanisani, tukasikia nyundo nyuma ya nyumba. Mjomba kachuchumaa, Mtoto kapasuka vipande viwili. Ndani kijivu kitupu, kama majivu ya jikoni.

Bibi hakupiga kelele. "Longino," alisema, "amelia."

"Mama, ni jiwe tu."

Kesho yake akapanda basi la Tunduru bila kuaga. Hakurudi. Wengine walisema shimo limemfukia. Hakuna aliyetuletea hata shati lake.

Hapo mama akamgeukia mdogo wake, Mama mdogo Oliva. Wanawake waliojua jiwe lilipo walikuwa Bibi, mama na Oliva. Mimi mtoto nani angenihesabu?

"Ni wewe uliyemwambia! Umemuua kaka yetu!"

Oliva aliapa kwa Bikira Maria. Wapi. Bibi alikufa hajala tena chakula cha mkono wake. Oliva naye akafa, mama hakukanyaga msibani. Na mimi viatu vilishanibana zamani, mdomo sijafungua.

Ukoo huu, nani alikosana na nani, wanakuja kuniuliza mimi. Ninawaeleza yote, isipokuwa hilo. Sijui kama jiwe linalia. Najua nyumba yetu ilipoteza watoto wawili wa Bibi, na wa pili nilimpoteza mimi kwa kunyamaza.

Mwaka huu mahindi mabichi yalipotoka, nilivitoa vipande vyote viwili kwenye sanduku nililorithi kwa Bibi, nikavifunga mgongoni, nikaenda kwa binti yake Oliva. Nilimkuta anamenya mihogo. Hatukuwa tumesalimiana tangu utoto.

"Karibu, dada," akasema, akanisogezea kigoda. "Huyo mgongoni mjukuu?"

Nikashindwa kukaa, nikashindwa kumshusha. Nikaanzia kwenye viatu vyekundu.