Folda Iliyofutwa Saa Tatu

Idara nzima ilimwita Shangazi, kuanzia mkuu wa idara mpaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hata hawakujua kwa nini. Alikuwa karani wa idara ya jiolojia pale chuoni kwa miaka ishirini na miwili. Aliingia kazini enzi za mashine za kuchapa, akazizoea. Zikaja kompyuta, nazo akazizoea. Halafu ikaja diski S, na hiyo, kusema kweli, hawakuwahi kuelewana.

Diski S ilikuwa hifadhi ya pamoja. Haikuwa ndani ya kompyuta ya mtu yeyote. Ilikuwa kwenye seva, chumba cha chini cha jengo la utawala, na kompyuta zote za idara ziliifikia kwa waya. Ukiweka faili pale, mwenzako wa ghorofa ya tatu analiona. Ukilibadilisha, na kwake limebadilika. Fundi wa mtandao aliwaeleza hayo yote kwenye semina ya asubuhi moja, Shangazi akayaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari. Kuyaandika ilikuwa kazi rahisi.

Jumanne moja asubuhi alikuta ujumbe wa fundi kwenye kompyuta yake. Diski S imejaa. Kila mtu afute asivyovihitaji leo leo, la sivyo hakuna atakayeweza kuhifadhi hata barua. Shangazi alikuwa mtu wa kutii matangazo. Alivaa miwani, akaanza. Alifuta orodha za mahudhurio za miaka kumi nyuma, akafuta mialiko ya vikao ambavyo nusu ya wajumbe wake walikwisha kustaafu. Kisha akaona folda inayoitwa "Visima", kubwa kuliko zote. Na kwenye uso wa kompyuta yake mwenyewe, karibu na picha ya wajukuu wake, kulikuwa na nyingine yenye jina lile lile.

"Mbili za nini?" alijisemea. Moja iko kwangu, nyingine iko S. Nikiifuta ya S, yangu inabaki.

Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama kweli anataka kufuta, akajibu ndiyo. Kazi ilichukua dakika nne. Ilikuwa saa tatu na robo. Alikumbuka vizuri, kwa sababu aliitazama saa ya ukutani akijiuliza kama maji ya chai yamechemka.

Aliporudi na kikombe, aliifungua ile folda iliyobaki, kujiridhisha tu. Kompyuta ikamwambia mahali hapo hapapo tena.

Akabonyeza upya. Jibu lile lile. Ndipo akauona mshale mdogo kwenye kona ya ile alama. Haikuwa folda. Ilikuwa njia ya mkato ya kwenda kule kule S. Alikimbilia pipa la taka la kompyuta. Tupu. Vitu vya S havipiti kwenye pipa, vikifutwa, vimekwenda. Hilo nalo lilikuwemo kwenye daftari.

Akaisukuma chai pembeni.

Folda ile ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu. Wote walimwita Visima, kwani kwa miaka minne alikuwa akizunguka kupima kina na chumvi ya maji katika visima arobaini na kimoja, mwezi hadi mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Shangazi ndiye aliyempigia muhuri barua zake zote za ruhusa. Ndiye aliyempakatia mtoto mama mtu alipokuwa kikaoni. Na Ijumaa ya wiki hiyo Visima alitakiwa kukabidhi tasnifu yake pamoja na vipimo vyote.

"Atakuwa na nakala nyumbani," Shangazi alijipa moyo. Lakini hakuinua simu kumuuliza.

Saa tano Visima akaingia, kitambaa cha kichwani kimekaa upande. Hakuwa amefika chuoni tangu Ijumaa. Mtoto alikuwa na homa.

"Shangazi, S yako inafunguka?"

"Inafunguka, mwanangu."

"Basi ni mimi. Folda yangu siioni."

"Huna nakala?"

"Ya mwaka jana. Kompyuta yangu iliibiwa, tangu hapo kila kitu naweka S. Si walituambia ndiko kwenye usalama?" Akaanza kuhesabu kitu kwa vidole. "Ijumaa nilikuwa nahamisha mafaili kabla sijaondoka. Nilikuwa na haraka, wamenipigia simu mtoto anatapika. Nitakuwa nimefuta. Shangazi, nimejimaliza mwenyewe!"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Shangazi alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Pole, mwanangu."

Mkuu wa idara akaitwa. Alimkuta Visima kwenye korido akamwambia mbele za watu, "Nimesema mara ngapi muwe makini na mafaili?" Kisha akampigia fundi, simu akaiweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Alifuta lini?" fundi aliuliza.

"Ijumaa," Visima akasema.

"Ah, dada, Ijumaa imetupita. Seva inapiga picha ya diski nzima, yaani nakala ya vyote vilivyomo, kila baada ya saa mbili, lakini nafasi ni finyu, tunatunza picha za siku mbili tu. Na mashine ya nakala za nje imeharibika. Pole sana." Akakata. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengine wakidai wahudumiwe.

Visima alichuchumaa ukutani, akashika kichwa. Hakulia. Shangazi alitamani angalau alie.

Alirudi mezani kwake. Picha kila saa mbili. Siku mbili. Leo, saa tatu na robo. Hesabu hiyo haikuhitaji semina. Vipimo vilikuwa bado vipo mahali fulani ndani ya ile mashine, na mtu pekee aliyejua hivyo chuo kizima alikuwa yeye. Angekuwa jasiri angekwenda kusema pale pale. Badala yake alimpigia mumewe, dereva mstaafu, aliyekuwa nyumbani.

"Kuna aliyekuona?" mume aliuliza baada ya kusikia yote.

"Hakuna."

"Wamekuuliza?"

"Hawajaniuliza."

"Basi nyamaza, mke wangu. Umebakiza miezi minane ustaafu. Hukukusudia. Na mwenyewe keshasema ni yeye."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomlemea. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Chakula cha mchana hakikushuka. Saa nane alipiga muhuri fomu ya mwanafunzi kichwa chini miguu juu. Kila hatua iliyosikika kwenye korido ilimshtua. Alidhani wamekuja kumchukua. Saa tisa na kitu ujumbe mwingine ukaingia: nafasi iliyopatikana haitoshi, hivyo saa kumi kamili picha zote za akiba zitafutwa ili diski ipumue.

Aliusoma mara tatu. Kisha akasimama, akatoka na ndala zake za ofisini, akashuka ngazi na kuuvuka uwanja karibu akimbie, yeye ambaye daktari alimkataza hata kutembea haraka.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi na mngurumo wa feni. Mlangoni palikuwa na foleni. Akapenya.

"Shangazi, na wewe ungoje zamu," fundi alisema bila kugeuka.

"Aliyefuta folda ya Visima ni mimi."

Watu wa foleni wakageuka. "Si alifuta mwenyewe Ijumaa?" fundi akasema.

"Hakufuta. Nimefuta mimi, leo, saa tatu na robo asubuhi."

Fundi akageuza kiti. "Leo leo?"

"Leo leo. Nilikuwa sijanywa hata chai."

"Kwa hiyo picha ya saa mbili asubuhi..." Hakumaliza. Alianza kuchapa mbio mbio. Folda ilikuwepo, nzima. Lakini S ilikuwa imejaa, hapakuwa na pa kuirudishia, ikabidi achomeke diski yake ya mkononi na kuinakili huko. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulifika nusu ukasimama. Shangazi alishika ukingo wa meza. Dakika moja. Mbili.

"Usinifanyie hivyo," fundi aliiambia mashine.

Mstari ukasogea. Saa kumi kasoro dakika sita kazi ilikwisha. Walivihesabu pamoja, kisima kimoja baada ya kingine, mpaka arobaini na kimoja.

Diski ile Shangazi aliipeleka mwenyewe. Visima alikuwa maabara, amezungukwa na madaftari yaliyoroa na kukauka, akijaribu kuokoteza tarakimu upya. Alipoambiwa vipimo vimepatikana alimkumbatia kwa nguvu.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi ndiye niliyevifuta."

Mikono ikalegea. "Saa tano nilipokuja kwako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Visima akaipokea diski. "Asante kwa kuleta," akasema, kama unavyomwambia mtu wa posta.

Ijumaa alikabidhi kazi yake. Mkuu wa idara alimwandikia Shangazi barua ya onyo, na kwa kuwa idara haikuwa na karani mwingine, ilibidi barua hiyo aichape Shangazi mwenyewe. Alisahihisha makosa mawili ya tahajia, akaiweka kwenye jalada lake. Fundi naye aligundua kwamba kwa miaka kumi na moja mtu yeyote wa idara angeweza kufuta kazi ya idara nzima kwa dakika chache. Alibadilisha ruhusa: kusoma, wasome wote, kufuta, kila mtu na vyake.

Kwa wiki nyingi Visima alipita mlangoni akisema, "Habari za asubuhi, karani." Neno hilo lilimchoma Shangazi kuliko barua ya onyo.

Baada ya kufaulu mtihani wake wa mdomo, alikuja na fomu ya mwisho ya kugongwa muhuri. Akasimama, hakuondoka.

"Nikuulize kitu. Fundi angesema hakuna picha kabisa, hakuna cha kuokoa, ungesema ni wewe?"

Shangazi alivua miwani. "Ningependa kukujibu ndiyo."

"Lakini?"

"Lakini sijui, mwanangu. Nimejiuliza sana, na jibu linanitisha."

"Afadhali, Shangazi," Visima akasema. "Ungenijibu ndiyo, nisingekuamini."

Akachukua fomu yake, akaipulizia wino ukauke, akatoka.