Boti Iliyojua Kushoto Tu

Mimi ni fundi seremala, mwanamke, na nina mdomo. Hapa Hamugembe wananijua: ukiingia karakanani kwangu ukaniuliza fundi mwenyewe yuko wapi, kitanda chako utakilalia mwakani. Kazi nilifundishwa na baba, ambaye bado anachonga milango kwake Muleba, na tangu nianze kushika msumeno hajawahi kunisifu. Nikimwonyesha kabati, analitikisa, anachungulia maungio, kisha anasema, "Mh." Basi! Umepiga randa siku nne, unalipwa mh.

Kwa hiyo mwaka jana, wazimu uliponipanda nikaamua kutengeneza boti ya tanga, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. "Taata, nataka uwe abiria wangu wa kwanza."

Akajibu: "Nikiiona, nitajua kama napanda."

Nilitaka mzee yule akae kwenye boti yangu kuliko nilivyotaka kuolewa. Mume wangu analijua hilo, nimemwambia mwenyewe.

Boti yenyewe sikuiunda, nisijisifu bure. Nilinunua kimtumbwi cha mbao kwa mvuvi, nikaziba nyufa kwa pamba. Lakini vya kukifanya kiende kwa upepo vyote ni kazi ya mikono yangu: mlingoti wa mti wa msizi, foromali ya kuning'inizia tanga, ubao wa kushusha majini katikati ili boti isisukumwe kando, na usukani. Ee, usukani! Niliuchonga kwa kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa mteja (nilimwomba, msinitazame hivyo). Wiki tatu nilikuwa naimba peke yangu ndani ya vumbi. Mteja akija kuulizia kitanda, namwambia, "Kinakauka." Jirani yangu muuza ndizi kila akipita anauliza, "Safina imefikia wapi?" Namjibu, "Cheka tu, gharika ikija utanipigia magoti."

Jumapili moja baada ya misa tukaishusha ziwani. Baba alikuja na basi la asubuhi, kavaa koti la kanisani. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akautikisa.

"Mh," akasema. "Tangulieni nyie kwanza." Akakaa kwenye jiwe.

Nikaingia na mume wangu, mwalimu wa shule ya Kahororo, ambaye anajua kuogelea na alishika ndoo ya kuchotea maji kwa imani ndogo sana. Tanga letu la turubai likajaa upepo. Mawe, mama wee! Tulienda! Mbao zangu zilikuwa zinakwenda, na mimi juu yake, napiga vigelegele kama niko harusini. Nikamwambia mume wangu, "Sasa tugeuke kulia, tupite mbele ya baba."

Usukani ukagoma. Nikauvuta, nikausukuma, nikautukana. Nikijaribu kushoto, unakwenda laini kabisa. Nikiurudisha, unanyooka na kuishia hapo hapo. Nikainama kuangalia, nikatamani ziwa linimeze. Nilikuwa nimeufunga kwa bawaba za mlango. Na mlango hufunguka upande mmoja.

"Tunakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Kushoto!"

"Na baadaye?"

"Kushoto! Inamisha kichwa, foromali inakuja!"

Tukazunguka. Ufukweni watu wakaanza kuhesabu mizunguko kwa sauti, na jirani yangu ndiye aliyeongoza hesabu, mjinga yule. Hasira zilinipanda, lakini kicheko kikazipiku. Mpaka tunafika wa tano nilikuwa nimekaa chini, sina nguvu za kushika kitu. Mume wangu ndiye aliyechukua kafi akatuleta nchi kavu.

Hapo kicheko kikaniisha. Baba alikuwa ameshasimama. Akaja hadi nyuma ya boti, akapapasa bawaba, akaupeleka usukani kushoto, akaurudisha. Sikungoja aniambie.

"Nimekosea, taata. Mkono umefunga mlango kama ulivyozoea. Kesho nazibadilisha, halafu ndipo upande."

Akavua viatu. Akakunja suruali ya kanisani mpaka magotini, mguu mmoja, halafu mwingine, akampa mume wangu koti amshikie.

"Aliyekufundisha kufunga bawaba hivyo ni nani?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshaingia, ameshika mkono wa usukani. "Sukuma."

Nikasukuma, nikarukia ndani. Tukaenda, kushoto, kushoto tena, baba akiwapungia watu mkono kila tukiwapita. Mzunguko wa kwanza nikamwuliza kama anataka kushuka. Wa pili nikamwuliza tena. Wa tatu akanigeukia kwa ukali, maji yamemlowesha mpaka kifuani.

"Nani amekwambia nataka kushuka?"