Nambari ya Kuazima

Nyumba yetu ya Mgogoni, Pemba, ni nyumba ya kuazimwa. Kinu chetu kimetwanga zaidi mpunga wa watu wengine kuliko wetu, ngazi yetu haimalizi wiki nyumbani, na siku ninayotaka kukuna nazi ndiyo siku mbuzi ya kukunia iko kwa jirani. Nimekua nikiudhika na jambo hili. Mama yangu hajui kusema hapana. Akiombwa kitu ambacho hana huona haya, kana kwamba amekificha uvunguni. Kwa hiyo jirani yetu wa upande wa kibla alipokuja asubuhi moja, akaketi barazani, akaulizia afya ya kila mmoja wetu, kisha akasema, "Bi, nimekuja kuazima nambari," mama alikwisha kuinuka kwenda kuileta kabla mimi sijaelewa ni nambari gani.

Ilikuwa nambari ya shamba. Kampuni moja ya Unguja inayopeleka mboga kwenye supamaketi ilikuwa imeanzisha mpango wa kuthibitisha mashamba. Mkulima hukaguliwa: choo kiko wapi, sabuni iko wapi, dawa ya wadudu hupigwa lini, kuku wanapita wapi. Akifaulu hupewa nambari yake pamoja na bunda la vibandiko vya duara, vya kubandika kwenye kila tungule au kwenye pakiti ya mboga ndogo ndogo. Tungule ndiyo nyanya, kwa wasiotujua. Kibandiko chetu kiliandikwa: Asili: Pemba. Shamba Nambari 9. Mnunuzi akikuta kasoro, kampuni huifuata nambari mpaka kwenye tuta lenyewe.

Mama hakuingia kwenye mpango ule kwa tamaa ya bei. Aliingia kwa hasira. Kabla ya hapo alikwenda Unguja kwenye harusi ya mpwa wake, akapita sokoni, akaziona tungule zake. Alizijua kwa pakacha, kwa sababu alilisuka mwenyewe. Muuzaji alikuwa akizinadi kwa sauti kubwa kuwa ni tungule za bara. Mama alimwambia zimetoka Pemba. Yule mtu akacheka, akasema, "Pemba kuna karafuu, bi mkubwa," akampa moja ya bure, kama anavyopewa mtoto ili anyamaze. Mama alirudi na tungule ile mkobani. Tangu siku hiyo alikuwa anataka kitu kimoja tu, tungule yake ivuke bahari na jina la Pemba mwilini.

Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza alimkuta ametimiza kila kitu, na vingine amepitiliza. Aliambiwa aweke sabuni karibu na choo, akaweka na udi. Aliambiwa aandike kibao kuwa wageni hawaruhusiwi kuingia shambani bila ruhusa, nikamwandikia mimi, maana nasomesha skuli na mwandiko wangu unasomeka. Kuanzia hapo mama akawa kila akimwona mtu anapita njiani anampigia kelele, "Ruhusa unayo! Ingia!" Watu waliokuwa wanapita zao walilazimika kuingia shambani ili wasimvunje moyo. Alifaulu, akawa wa kwanza katika kijiji chetu kupata nambari.

Sasa turudi kwa jirani. Mabamia yake yalikuwa yanakomaa na choo chake hakijaezekwa, kwa hiyo hajakaguliwa. Nilimvuta mama pembeni.

"Mama, nambari haiazimwi. Nambari ni ya shamba hili."

"Kwani itapungua?"

"Haipungui, lakini..."

"Itachakaa?"

"Mama!"

"Basi weye una nini? Ntu kaja asubuhi yote hii, nimwambie nna nambari nimeilalia?"

Akampa bunda zima. Jioni nambari ikarudi pamoja na papai.

Baada ya hapo nilipoteza hesabu ya safari zake. Ilikwenda kwa mwenye mabilingani, ikaenda kwa mwenye matango, ikalala kwa watu. Ilirudi na muhogo, ikarudi na mkungu wa ndizi. Mara moja nilitoka skuli nikaambiwa nambari yetu imepanda gari ya abiria mpaka Kengeja kwa shemeji wa mtu, ana pilipili hoho nzuri na hapana wa kumsitiri. Nilipiga kelele siku ile mpaka sauti ikanikauka. Mama alinisikiliza vizuri sana, kisha akaniuliza kama nimekula.

Lililonimaliza lilitokea wiki ile ile. Tungule zetu ziliiva, gari ya kampuni inakuja alasiri, na vibandiko havipo. Mama akajitanda kanga, akaenda kwa mwenye matango. Nilimfuata ili nimsikie anavyodai mali yake. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akaulizia watoto, kisha akasema kwa upole, na macho yake chini, "Samahani, nlikuwa naomba muniazime nambari, kama hamuitumii."

Wakaulizana kwanza kama wameshamaliza nayo. Wakampa.

Siku ile ile, tukiwa tunangoja gari, mkaguzi alirudi bila taarifa. Alikuwa kijana wa Unguja mwenye adabu. Alivua viatu, akaingia ndani, akaamkia, akakubali chai. Jirani yetu wa mabamia naye alikuwepo, amekuja na sahani ya maandazi. Mkaguzi alieleza kuwa supamaketi imepokea malalamiko. Mteja mmoja alinunua pakiti ya mabamia, akayapika, na chakula chote kikanuka mafuta ya taa. Pakiti ilikuwa na kibandiko cha shamba nambari tisa.

"Bi mkubwa, mabamia yako yako wapi niyaone?"

Mama alinyoosha mkono mlangoni kuelekea shambani, ambako hakukuwa na hata mbamia mmoja. Aliunyoosha tu, kwa heshima ya swali.

Mkaguzi akafungua simu yake. Akasema kwamba shamba hili, ambalo yeye analiona lote akiwa amekaa, limetoa mabamia, mabilingani, matango, hoho, na malimau ingawa halina mlimau. Kisha akasita, akasogeza simu karibu na macho kama haamini tena anachokisoma.

"Na pweza," akasema. "Pweza mkavu. Ana kibandiko kichwani. Asili Pemba, shamba nambari tisa."

Hapo hata mimi sikuwa na habari.

"Kwani si wa Pemba?" mama akauliza.

"Ni wa Pemba, bi mkubwa. Lakini hakuota hapa."

"Hamkuandika kaota. Mmeandika asili."

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Halafu akaeleza alichotumwa. Kampuni inataka kujua mabamia yale ni ya nani. Mama akimtaja mwenyewe, huyo atafungiwa na mama atabaki na nambari yake. Asipomtaja, nambari tisa inafutwa leo hii. Nilimtazama mama. Nilijua anachokiona: ile tungule ya bure, na yule mtu wa sokoni akicheka. Nilijua vilevile kuwa mabamia yalinuka mafuta ya taa kwa sababu jirani hana umeme, na kibuyu cha mafuta na kikapu cha mboga vyote hukaa chini ya kitanda kimoja. Jirani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya maandazi yake.

"Mama, sema!" nikamwambia.

"Nshasahau," akasema mama.

Jirani akanyanyua kichwa. "Ni yangu," akasema.

"Mwongo huyo!" ilisikika sauti nje ya dirisha. Ni mwenye matango. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimejipanga ukutani kikisikiliza. "Mabamia yale yangu miye."

"Yako kwa shamba lipi?" akasema mwenye mabilingani. "Bwana mkaguzi, ni yangu."

Wakaanza kugombea. Kila mmoja alidai mafuta ya taa ni yake, mmoja akaapa kuwa yeye huyamwagia mabamia kwa makusudi. Mzee mmoja asiyekuwa na shamba lolote, mvuvi, aliingia mpaka ndani, akampa mkaguzi mkono na kusema kuwa mabamia hayajui lakini pweza ni wake na yuko tayari kwa lolote. Mkaguzi alikuwa anaangalia huku na huku. Mwisho alimgeukia mama, akamuuliza tena, kwa huruma, nadhani. Mama akatikisa kichwa.

Basi nambari ikafutwa. Mkaguzi alichukua bunda la vibandiko lililobaki. Lakini kreti za tungule zilikuwa tayari barazani, zimeshabandikwa zote, na kanuni inasema mali isiyo na nambari haiondoki na kibandiko. Ilibidi tubandue. Waliokuwa dirishani wakaingia, tukakaa mkekani, tukawa tunabandua neno Pemba kutoka kwenye tungule za Pemba, sisi Wapemba, kila mmoja akilamba kidole na kusugua gundi. Mama alibandua polepole kuliko wote ili ngozi isichanike. Sikuthubutu kumtazama usoni. Jirani alikuwa analia waziwazi na hakuna aliyemnyamazisha.

Gari ilifika alasiri. Dereva wa kampuni ni mtu wa Pujini, Mpemba kama sisi. Huja kwetu kila wiki na anajua hata birika letu la maji liko wapi. Alipakia kreti, kisha akatoa karatasi ya mzigo, akaona hazina kibandiko. Alieleza, akiona aibu, kuwa mzigo wa namna hiyo hauendi supamaketi, unakwenda sokoni, na yeye ameamriwa aandike neno moja tu mahali pa asili.

"Neno gani?" mama akauliza.

"Haijulikani."

Mama alitazama kreti, akatazama shamba lililokuwa nyuma ya mgongo wa dereva, tuta baada ya tuta, kijiti kwa kijiti. Nilidhani atakubali. Hajawahi kumkatalia mtu kitu tangu nimjue.

"Hapana," akasema.

Dereva akadhani hakusikia vizuri.

"Nasema hapana. Zishushe. Haziendi." Akapanda mwenyewe kwenye tairi, kanga imemvuka begani, akashika ukingo wa kreti ya juu na kuivuta. "Zitaliwa na wanaojua zimetoka wapi."

Tulizishusha zote. Mama akaanza kugawa pale pale njiani, kila mtu kwa kadiri ya nyumba yake, na jirani wa mabamia alipewa mwanzo. Dereva alikaa kwenye usukani akitazama kwa muda, kisha akazima gari, akashuka na kofia yake mkononi, akaingia kwenye foleni.